Aliyerudi Asiione Nyumba

Haya ninayokusimulia nimeyaona mwenyewe, kwa macho haya haya ambayo siku hizi yanataka miwani lakini wakati ule hayakuitaka. Binti yangu Rukia amenikataza nisiyaseme mbele za watu. Anasema watadhani akili imeanza kunitoka. Wacha wadhani. Miye si mtu wa kuona mashetani. Nimekulia Ng'ambo, mjini Unguja, na tangu udogo nilikuwa nikiwacheka wenzangu waliokimbia vivuli vyao. Lakini hili lililotukuta Harrow, pembeni mwa London, silicheki, na mume wangu, ambaye maisha yake yote hakuamini kitu asichoweza kukishika kwa mkono, naye halicheki. Basi nisikilize mpaka mwisho, halafu uamue.

Mume wangu jina lake Nassor. Baba yake alikuwa na nyumba Malindi, ile ya mjini Unguja, ya ghorofa, aliyoijenga mwenyewe, na baada ya Mapinduzi ikachukuliwa na serikali wakatiwa watu wengine. Sikwambii haya ili nikuvute upande. Kwetu sisi Mapinduzi yalikuwa na sura nyingine: mjomba wangu alipewa nyumba kama ile, na siku aliyohamia mama yangu alipiga vigelegele. Sasa fikiri ndoa yetu ilivyopokelewa na pande zote mbili. Tulioana London, ambako hakuna aliyejali nani katoka Malindi na nani katoka Ng'ambo.

Lakini Nassor hakuisahau ile nyumba. Alinihadithia mara moja tu, na hakurudia. Alisema baba yake, baada ya kutolewa, alikuwa akivaa kanzu safi kila alasiri, akenda mpaka pale mlangoni pake, akapiga hodi, akaomba akae barazani kidogo tu. Nassor ndiye aliyekuwa akimsindikiza. Siku za mwanzo waliokuwamo ndani walifungua, wakamtazama, wakamwambia akae. Baadaye wakawa hawafungui. Mzee alikufa katika chumba cha kupanga, na nyumba yake anaiona dirishani.

Kwa hivyo tulipoweza kununua nyumba yetu Harrow, ilikuwa si jambo dogo. Nassor alianza kwa kuendesha teksi, kisha akafungua ofisi yake ya teksi karibu na stesheni. Siku tulipokabidhiwa funguo hatukuwa na hata kiti. Alikaa chini katikati ya sebule, akauegemeza mgongo ukutani, akasema, "Hapa hapana wa kunitoa." Nilifurahi. Nilidhani ni maneno ya furaha.

Mtaa wenyewe ulikuwa mkavu. Nyumba mbili mbili zimeungana, kila moja na kichochoro chake ubavuni na bustani nyuma, na watu wanapita wakitazama viatu vyao. Upande mmoja tulipakana na Mama Jayshree, Mhindi wa Kisumu, mjane. Kwa sababu ya Kiswahili tukawa mashoga wa kutembeleana. Upande wa pili, vichochoro vyetu vikitazamana, ilikuwa nyumba ya Mzee Tanabe na mkewe Bi Sachiko. Wajapani.

Huyu Mzee Tanabe alijenga kijumba bustanini kwake. Kidogo, cha mbao, kimenyanyuliwa juu ya nguzo kama banda la kuku, ila kimefanywa kwa mikono inayojua. Mbele yake akasimamisha mlango mwekundu usio na ukuta wala kitasa. Nguzo mbili na mbao mbili juu yake, basi. Unapita katikati na huingii popote, lakini nakuhakikishia ukipita unajua kwamba umeingia. Dini yao inaitwa Shinto, na kijumba kama kile kwao kila mtaa unacho. London hawakuwa nacho, ndiyo maana akakijenga.

Nilimuuliza Bi Sachiko siku moja, tukiwa tunazungumza kila mtu upande wake wa ua, ndani ya kijumba yumo nani.

"Yumo mwenyewe," akasema.

"Mwenyewe nani?"

Akacheka, akasema hata mume wake hajui. Kuna kisanduku kimefungwa kitambaa cheupe, hakijapata kufunguliwa. Mzee alikabidhiwa na baba yake, naye na baba yake, na walipohamia London alikipakata mapajani ndani ya ndege njia nzima kama mtoto mchanga.

Miye ni Muislamu. Sikupiga makofi kama wanavyopiga wao wakiomba, sikuinama. Lakini nilikuwa na bibi Makunduchi, mzaa mama, aliyekuwa akipeleka ubani na halua pangoni kwenye mzimu wa kijiji, na sheikh wa pale alikuwa akipita anageuza uso upande wa pili, salama salimini. Basi na miye niligeuza uso kama sheikh.

Na nikwambie kitu. Kile kijumba kilitufanya mtaa. Jumapili walikuja Wajapani kwa treni ya Metropolitan, wengine kutoka mbali, na watoto wao wamevikwa nguo za hariri. Anayeanza skuli analetwa. Aliyenunua gari anakuja nalo liombewe lisipate ajali. Mtoto ana mtihani, kijana anatafuta kazi, bibi anaumwa na magoti, wote kwa Mzee Tanabe. Na walipokwisha hawakwenda zao, walikaa bustanini wakala. Mwanzo tulichungulia. Kisha Bi Sachiko akaanza kutuletea sahani juu ya ua. Siku ya sikukuu yao, majira ya majani kuanguka, watoto walibeba mabegani kijumba kingine kidogo kilichopambwa, wakazunguka nacho mtaa mzima wakipiga ukelele wao mmoja, na baada ya mwaka mmoja au miwili wabebaji wakawa ni wa kila namna: Wajapani, wajukuu wa Mama Jayshree, watoto wa Kiairishi wa nyumba ya mwisho, na Rukia wangu, kichwani mtandio, begani mti. Watu ambao walikuwa hawajuani majina wakaanza kuulizana hali.

Ilikuwa siku kama hiyo ndipo Nassor alipoingiwa na chuki.

Alikuwa anarudi kazini, amechoka. Akakuta njia imefungwa, na kijana wa Kijapani, mgeni, kafunga utepe mkononi, kasimama mbele ya geti letu. Kijana yule kwa adabu yote akamwambia, "Samahani bwana, subiri hapa kidogo. Huwezi kuingia mpaka wapite."

Hicho ndicho kilichotokea. Hakuna zaidi. Alisubiri, msafara ukapita na binti yake mwenyewe ndani yake, akaingia. Lakini nilipomuona usoni nilijua jambo limeharibika.

"Nimeambiwa nisiingie kwangu," aliniambia.

"Kidogo tu, Baba Rukia. Watoto walikuwa wanapita."

"Siku zote wanaanza na kidogo tu."

Tangu siku hiyo hakulala. Magari ya wageni yakamkera, kengele ikamkera. Akasema hawezi kusali wakati masanamu yapo nyuma ya ukuta, na miye nikamwambia masanamu hayamo, na tena sala ya alasiri alikuwa haisali kabla ya hapo. Akagundua kwamba Mzee Tanabe hakuomba kibali cha ujenzi. Akapita nyumba hadi nyumba na karatasi, watu watie saini. Na wakatia. Hao hao waliokula vyakula vya Bi Sachiko, ambao watoto wao walibeba. Walisema hawana ubaya naye ila magari yamezidi. Mama Jayshree alikataa. Nami nilikataa, na mume wangu hakunisemesha wiki nzima.

Ofisi ya mipango ikaamua kijumba kiondolewe. Mzee Tanabe hakubisha. Alikuja kwetu jioni moja, kavaa suti, mikononi boksi la matunda. Nilimkaribisha. Nassor alimwacha asimame.

"Nitakiondoa," Mzee alisema. "Ila aliyemo ndani hahamishwi kama friji. Lazima aje kuhani kutoka kwetu. Anatolewa gizani, amezungushiwa kitambaa cheupe, mtu asimuone. Kuhani anakuja wiki ijayo. Naomba tu mpaka wakati huo mtu asikiguse."

"Mimi si ofisi," Nassor akamjibu.

"Najua. Lakini wewe ni jirani."

Nassor akasema sawa. Nilisikia kwa masikio yangu akisema sawa.

Wiki iliyofuata, asubuhi, Mzee na mkewe walikwenda uwanja wa ndege kumpokea kuhani wao. Walipokwisha ondoka likaja lori na vijana watatu wa kuvunja. Wamekosea siku au wametumwa mapema, sijui mpaka leo. Wakakuta kichochoro cha Mzee Tanabe kimefungwa kwa kufuli. Wakapiga mlango, hapana mtu. Wakawa wanageuza lori waende zao. Naapa walikuwa wanageuza. Nassor akafungua dirisha la juu, akawaita.

"Piteni huku kwangu."

Akashuka akawafungulia geti la kichochoro chetu. Nilimshika mkono wa shati. Nikamwambia, "Nassor, ulisema sawa." Akanitoa mkono taratibu kama mtu anayetoa uzi kwenye nguo. Wale vijana wakang'oa ubao mmoja wa ua, wakaingia upande wa pili. Haikuchukua muda. Mlango mwekundu walianza nao, kisha kijumba. Kile kisanduku chenye kitambaa cheupe kijana mmoja alikitikisa sikioni kusikia kama kuna kitu, akacheka, akakitupa juu ya mbao ndani ya lori. Vyote vikatoka kupitia kichochoro chetu.

Mzee Tanabe alirudi na kuhani wake mchana. Nilikuwa jikoni, nikawaona. Kuhani alikuwa na mfuko mrefu mweupe mkononi. Walisimama mbele ya shimo na matope, hakuna aliyepiga kelele. Mzee aliinama, akabaki ameinama muda mrefu, mpaka nikadhani mgongo umemkataa. Bi Sachiko yeye hakutazama shimo. Alikuwa anatazama ule ubao uliong'olewa. Kisha akainua macho akatazama dirisha langu.

Kabla ya mwaka mpya walikuwa wamehama.

Sasa nakuja kwenye lile lenyewe.

Ilikuwa Desemba hiyo hiyo, wao wameshahama. Kama umekaa London unajua Desemba saa kumi alasiri ni usiku mtupu, taa za barabarani zimewaka na watoto wa skuli wanarudi gizani. Miye na Mama Jayshree tulikuwa tunatoka sokoni na mifuko yetu, manyunyu yanaanguka. Tulipokaribia kwetu tukaona mwanamke mzee, mdogo wa umbo, amesimama kati ya nyumba yetu na ile tupu ya Mzee Tanabe. Amevaa koti la kahawia kama yale yanayouzwa maduka ya mitumba. Hakuwa na kwato, hakuwa anaelea, usianze kufikiria vitu vya sinema. Alikuwa mtu kabisa. Alikuwa anatazama kichochoro chetu kama unavyotazama chumba ulichoingia ukasahau ulifuata nini.

Alitugeukia akasema, "Samahani, mwanangu. N'litoka kidogo. Narudi, siioni nyumba."

Kiswahili. Na si Kiswahili tu. Kilikuwa Kiunguja cha mama yangu, na ule uvivu wake wa kulivuta neno la mwisho. Unadhani niliogopa? Sikuogopa hata kidogo. Nilifikiri ni bibi wa Kizanzibari, kaletwa na watoto wake, kapotea njia. Walikuwa wengi wa namna hiyo. Nilimsogelea kwa furaha.

"Nyumba gani, bibi?"

"Ile ya mlango mwekundu. Iko nyuma pale," akaonesha kwa kidevu.

Hapo ndipo mwili uliponisisimka. Nikamtazama Mama Jayshree, naye kaachia mifuko yake chini, viazi vinabingirika barabarani na hana habari navyo.

"Bibi," nikasema, "nyumba ile imevunjwa."

"Imevunjwa?" Hakukasirika. Alisema kama mtu aliyeambiwa basi halipiti leo. "Na mimi sikuambiwa? Na vitu vyangu?"

"Vimechukuliwa."

Akakitazama tena kichochoro. Manyunyu yakawa mvua. Nikaona aibu ambayo sijapata kuiona kabla wala baada. Nikamwambia, "Njoo kwetu upate joto. Utaugua hapa."

"Mwenyewe ataridhia?"

"Mwenyewe ni mimi," nikamjibu.

Tulikwenda watatu mpaka mlangoni. Nikatia ufunguo, mlango ukafunguka upana wa kiganja ukakwama, kwa sababu Nassor siku zile alikuwa anatia mnyororo kwa ndani hata mchana. Kabla sijamwita, bibi yule akasema, "Hodi."

Nassor akaja. Nilimuona kwenye ule upenyo, taa ya ukumbini nyuma yake.

"Nani?"

"Mimi wa nyumba ya nyuma," bibi akasema. "Naomba nikae kidogo tu. Mvua ipite."

Nimeishi na mume wangu miaka mingi, nimemuona akizika, nimemuona akikaribia kufilisika. Uso ule sijauona siku nyingine. Alifungua mdomo ukabaki wazi. Nilidhani atatoa mnyororo, na nakwambia mkono wake ulikwenda kwenye mnyororo, niliuona. Kisha ukarudi.

"Hapa huna nyumba," akasema. "Nenda zako."

Akatufungia. Nikasikia komeo la chini nalo likiingia.

"Fungua, Baba Rukia. Ni mimi mkeo."

"Bado yuko?"

"Mvua inanyesha. Fungua."

"Mpaka aondoke."

Nikapiga ule mlango kwa ngumi. Bibi akanigusa bega, akasema, "Usimgombeze. Nitangoja hapa." Akaenda kukaa juu ya ukuta mfupi wa mbele, ule wa matofali unaotenganisha nyumba na njia, miguu haifiki chini. Mama Jayshree akakimbia kwake kuleta sweta. Nikaendelea kupiga mlango, na maneno niliyomwambia mume wangu siwezi kuyarudia hapa. Nilipogeuka, Mama Jayshree alikuwa kasimama na sweta mkononi na ukutani hapana mtu. Mtaa wote wazi, taa zinawaka, hakuna hata mgongo wa mtu anayekwenda.

Tukasogea. Ukuta mzima ulikuwa umelowa, maji yanachuruzika. Ila pale alipokaa, upana wa makalio ya mtu, palikuwa pakavu. Mvua inaanguka na papo pakavu. Niliweka kiganja. Palikuwa na joto, kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi. Mama Jayshree akaweka chake, akakitoa upesi.

"Mama Rukia," akaniambia, "yule mama amejifunza wapi Kigujarati cha kwetu?"

"Kigujarati gani? Alikuwa anasema Kiswahili."

"Kiswahili hata kidogo. Ameongea na mimi kama mama yangu. Hata ile lugha yetu ya Porbandar, kwetu India, ya nyumbani, watu wa hapa hawaijui."

Tukatazamana pale mvuani, wanawake wawili watu wazima. Kisha nikarudi mlangoni, nikamwambia Nassor kwamba keshaondoka, akafungua.

Usiku ule Nassor alilala ameupa mgongo mlango wa chumba. Nilidhani kalala. Kisha akasema gizani, "Alipiga hodi kwa sauti ya marehemu baba."

"Na wewe ukafunga?"

Nilimuuliza mara moja tu.

Wiki moja baadaye simu ililia nyumbani jioni. Ni Nassor, anapiga kutoka kibanda cha simu cha mwisho wa mtaa.

"Mama Rukia, uko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Nikadhani mzaha. "Acha mchezo, chakula kinapoa."

"Nimepita na gari, nimerudi, nimepita tena," akasema. "Nyumba ya Mama Jayshree naiona. Ya Tanabe naiona. Katikati hapana kitu. Zimegusana."

Nilitoka na kandambili nikamkuta kibandani, bado kashika mkono wa simu. Huyu ni mtu anayejua kila kona ya Harrow hata akifungwa kitambaa. Nikamuongoza. Tulipofika getini akasimama, akasema, "Unanipeleka wapi? Huo si ukuta wa watu?" Nikamwambia afumbe macho. Akafumba, nikamvuta, nikamuingiza ukumbini, nikafunga mlango. Alipofumbua alikuwa kwake. Anajua kila kitu: kiti chake, kikombe chake, swichi ya ngazini inayokwama. Akakaa chini akalia. Asubuhi akatoka kwenda kazini, na jioni nikamfuata tena kibandani.

Tumekwenda kwa madaktari. Wamempiga picha za kichwa, wamemuuliza leo siku gani, nani waziri mkuu, ahesabu kinyumenyume. Anajibu yote, na daktari akikosea anamsahihisha. Anaziona nyumba za watu wote duniani. Anayoishi yeye ndiyo haioni kwa nje. Sheikh amemsomea, na maji ya dua kanywa, nayo yalimpa usingizi mzuri, alhamdulillahi, lakini mlango hayakumpa. Rukia alisema ni mambo ya nafsi, ni yale ya Malindi yanamrudia, akamtafutia mtu wa kuzungumza naye. Alizungumza naye mwaka mzima. Kila wiki yule mtu akimaliza kuzungumza, miye ninamsubiri Nassor nje nimrudishe.

Ofisi ya teksi ilikufa, kwa sababu dereva gani atamheshimu bwana anayeshikwa mkono kurudishwa nyumbani? Tukauza nyumba. Siku tunatoka mvua ilikuwa inanyesha na pale ukutani bado pakavu, paka wa jirani kalala papo. Tukahamia Edmonton, huko huko London, fleti ya ghorofa ya pili. Nilikuwa na matumaini, sikufichi. Nilifikiri laana, kama ni laana, ni ya nyumba ile. Siku ya kwanza alitoka kununua mkate. Nikachungulia dirishani nikamuona kasimama chini, mkate kwapani, anatazama jengo zima, anatafuta ghorofa ya pili na kwake yeye jengo linatoka ya kwanza linakwenda ya tatu.

Nilimtafuta Mzee Tanabe. Mama Jayshree ndiye aliyepata habari zake, kwamba anakaa Lewisham kwa mwanawe. Nilikwenda peke yangu, treni na mabasi, na boksi la matunda. Mzee alinipokea vizuri, amekonda. Bi Sachiko alikuwa amefariki majira ya baridi yale yale waliyohama. Nikampa pole, nikamhadithia yote, yule bibi, lile koti, ukuta mkavu, mume wangu. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Alikuwa mzima?" akauliza nilipomaliza. "Hakuumia?"

Ilinichukua muda kufahamu kwamba hamuulizii mume wangu.

"Alikuwa mzima," nikasema. "Alikuwa amelowa."

Akaitikia kwa kichwa, macho yakamjaa machozi. Nikamuuliza, je, amemlaani Nassor? Hawezi kuitwa, akaombwa radhi, akamsamehe?

"Sijui," akasema. "Kazi yangu ilikuwa kumtunza. Sikupewa kazi ya kumfahamu. Na kumuita, tutamuita aje wapi?"

Wale Wajapani wa Jumapili, akaniambia, hawakukutana tena. Wengine wamerudi kwao, wengine hawapigiani hata simu. Kuhani alirudi Japani na mfuko wake mweupe mtupu. Nikamuomba neno moja la kumpelekea mume wangu. Kisha akasema kwa adabu ile ile ya siku zote, "Mwambie umenihadithia na nimesikia." Akanisindikiza mpaka kituoni, akanisubiria basi. Hakusema nimesamehe, na miye sikuona kwa nini aseme.

Mama Jayshree bado yuko Harrow. Ananiambia bustani ya Tanabe imemwagwa zege, yanakaa magari mawili, na mtaa umerudi vile vile: watu wanatazama viatu vyao. Waliotia saini ukiwauliza habari za kijumba wanasema hawakumbuki vizuri. Wao nyumba zao wanaziona. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote, maana hawakuadhibiwa hata kwa mafua.

Sasa wewe utaniuliza, ni nani yule? Jini? Mzimu? Malaika aliyetujaribu? Miye sijui, na aliyemtunza maisha yake yote hajui, usinitegemee. Ninalojua ni hili, na shika neno langu: ukitokewa na mtu anatafuta pahala pake, na wewe una mkono katika kupotea kwa pahala pale, usimwambie hapana. Mpe kiti. Mpe hata ngazi ya nje akae. Usimuulize katoka wapi wala anaabudu nini. Na kama una mume mwenye jeraha, usijidanganye kwamba jeraha litamfanya awe na huruma kwa wengine. Wengine huwafanya walinzi wa mlango tu.

Nassor yuko hai. Ni mzee, afya yake si mbaya, kila siku anasali alasiri msikitini, na akitoka anakuja mpaka chini ya jengo, anasimama karibu na mapipa ya taka akinisubiri, kwa sababu hapo ndipo tulipokubaliana. Kwa miaka mingi nilikuwa nikishuka kabla hajafika, nimkute nimesimama, asipate kupepesa macho mbele ya watu. Siku hizi magoti yananiuma. Siku hizi nashuka nikiweza.

Hivi ninavyozungumza nawe giza limekwishaingia. Nimemuona dirishani, yupo, kavaa kofia aliyonunuliwa na Rukia, anatazama juu. Nitashuka kumchukua. Ila chai yangu bado ya moto, wacha kwanza niimalize.